Kikombe Kilichofudikizwa

Jumatatu, 9 Machi
Usingizi: saa saba.

Daktari Lindqvist mheshimiwa, uliniomba niandike kila siku muda niliolala, kisha ukasema kwamba chini ya hapo naweza kuongeza lolote nipendalo. Huenda hukujua kwamba unamkabidhi daftari mzee aliyefundishwa kuandika na mapadri, ambao walikuwa na rula kwa kila sentensi isiyokamilika. Naomba radhi mapema kwa wingi wa maneno. Utalisoma mwezi Mei nitakapokuja mara ya pili. Ukichoka, soma namba peke yake.

Nimefika nyumbani salama. Binti yangu Bernadine aliendesha gari saa nne nzima bila kuniuliza lolote kuhusu mashine yenu, nami nilimshukuru kwa hilo. Bado naisikia ikigonga. Mlinilaza ndani ya bomba lile jeupe mkanionyesha nyuso, moja baada ya nyingine, na kazi yangu ilikuwa kubonyeza kitufe kusema kama ni mwanamume au mwanamke. Baadaye ulinieleza kwamba jibu langu halikuwa na umuhimu; mlitaka kuona ubongo unafanya nini pembeni wakati mwenyewe ameshughulishwa. Nyuso zenye hasira hazikunisumbua. Zilizonisumbua ni zile zisizo na hisia yoyote. Zilinitazama kama mtu anayesubiri nikumbuke jina lake.

Kisha mlinisomea sentensi niliyowapa mimi mwenyewe, kwa kuwa mliomba jambo moja la kweli lenye kuniumiza. "Nilikwenda kuchota maji ya chemchemi aliyoniomba, na niliporudi mke wangu Philomene alikuwa ameacha kupumua." Aliyeisoma alikuwa kijana mwenye sauti nzuri. Naomba umwambie kwamba hakukosea kitu.

Ulinichorea kwenye karatasi. Ndani kabisa kuna kitu kidogo chenye umbo la lozi, kimoja kila upande, ambacho hupiga kengele mtu anapopatwa na jambo. Nyuma ya paji la uso kuna sehemu ambayo kazi yake ni kuinyamazisha kengele hiyo. Kwa sisi wenye bipola, ugonjwa wa hisia kupanda na kushuka, ulisema, mara nyingi kengele hulia kwa nguvu na mnyamazishaji huchelewa kufika, wakati mwingine hata katika siku ambazo tunajiona wazima. Nilikuuliza kama picha yangu inaonyesha ni lini nitaugua tena. Ulisema hapana, picha moja haiwezi kumtabiria mtu mmoja. Unachojua ni kwamba msiba na kukosa usingizi ndivyo vya kuvichunga. "Nani anakutazama nyumbani?" uliuliza. Nilijibu kwamba nina binti. Sikusema uongo, ila sikujibu swali.

Alhamisi, 12 Machi
Usingizi: saa saba.

Baridi kali. Miti ya sukari haijaanza kutoa maji yake matamu, tunayoyachemsha kuwa sukari. Barafu ya ghuba bado inabeba pikapu.

Jumatatu, 16 Machi
Usingizi: saa sita na nusu.

Usiku barafu, mchana jua: ndivyo miti ya sukari inavyotaka, ipandishwe na kushushwa. Leo tumetoboa themanini, tukatia mirija na kutundika ndoo, mimi na shemeji yangu Clement, mdogo wake Philomene. Kabla ya mti wa kwanza tuliweka tumbaku chini, sadaka yetu ya shukrani tangu mababu, kila mmoja kwa mkono wake, nami nikaongeza Salamu Maria kimyakimya, kama nilivyofanya tangu shuleni. Sijapata kusikia upande wowote ukilalamika.

"Shemeji, toboa haraka," alisema Clement. "Kwa mwendo huo mti utakufa kwa uzee kabla hujamaliza tundu."

"Mti utanizika mimi kwanza."

"Nani akuzike wewe? Ardhi yenyewe itakurudisha. Itasema huyu ana maneno mengi."

Huenda hili ni geni kwako, Daktari. Kwetu shemeji hazungumzi na shemeji yake ila kwa utani. Tumetaniana tangu mwaka wa harusi yangu, miaka arobaini na sita, na siwezi kukumbuka neno moja zito lililopita kati yetu. Hata kaburini kwa Philomene alinitania, na nilimshukuru.

Tumetundika sufuria kubwa kambini, penye kibanda chetu cha sukari karibu na ufuko. Juu yake nilifunga tawi la msonobari kwenye kamba, kazi ambayo ilikuwa ya Philomene. Maji ya mti yanapochemka povu hupanda ghafla, na kama hakuna mtu karibu humwagika lote motoni. Povu likigusa tawi, hushuka. Pembeni ya moto Bernadine aliweka sahani ya mama yake, yenye samaki, mkate na kijiko, kwa sababu mwaka wa kifo chake haujatimia na roho inayosafiri hulishwa. Hatukumtaja jina.

Alhamisi, 19 Machi
Usingizi: saa nane.

Ndoo zimejaa mara mbili. Nimejisikia vizuri.

Jumapili, 22 Machi
Usingizi: saa nane.

Daktari, leo nina jambo la kueleza, na sijalieleza kwa mtu yeyote.

Mwezi wa Aprili mwaka 1968 nilimbeba Bernadine mabegani, akiwa na miaka minne, nikatembea naye juu ya barafu inayooza kwa joto kuelekea Kisiwa cha Mierezi, alikozaliwa mama yake, kwa sababu nilikuwa na hakika kwamba kuna misa inasomwa huko kwa ajili yangu. Philomene alisimama ufukweni akaipiga sufuria ya sukari kwa mwiko. Mapigo matatu, kimya, mapigo matatu. Niligeuka kwa sababu kelele ile iliniudhi. Hiyo ndiyo sababu pekee. Bernadine alikuwa amesinzia begani, na hatukumwambia kamwe.

Tangu hapo Philomene alinitazama. Hakunisema. Aliponiona naanza kupanda, alikifudikiza kikombe changu cha bati cha bluu mezani kabla sijaamka. Nami nikikikuta hivyo sikumimina chai: nilimeza dawa, nikarudi kitandani, naye akaficha viatu vyangu. Mara kumi na moja katika miaka arobaini. Nilihesabu kwa aibu, sasa nahesabu kwa namna nyingine. Hakuna mwingine aliyeijua ishara hiyo.

Leo asubuhi kikombe kilikuwa kimefudikizwa.

Naishi peke yangu. Mlango ulikuwa na komeo. Nilisimama nikikitazama mpaka maji ya birika yakakauka. Kisha nilikigeuza nikanywa chai, maana nimelala saa nane na sina dalili yoyote.

Jumanne, 24 Machi
Usingizi: saa nane.

Nilifika kambini saa kumi na mbili asubuhi nikakuta moto unawaka, kuni zimepangwa kama nisivyopanga mimi, vitako upande wa ndani, na maji ya mti yamepungua hadi nusu ya sufuria. Tawi la msonobari lilikuwa linabembea taratibu ingawa hapakuwa na upepo.

Clement alipokuja nilimshukuru.

"Kwa lipi?"

"Kwa kuwasha moto mapema."

"Mimi? Shemeji, mimi nimeamka sasa hivi. Uso wenyewe sijanawa, nimekuja nao hivyohivyo, unadhani ni mwingine?"

Alicheka. Kisha akatazama kuni, na mkono wake ukaenda mfukoni kwenye tumbaku.

Ijumaa, 27 Machi
Usingizi: saa nane.

Sahani ilikuwa tupu, safi, kijiko kimelazwa katikati. Mbwa halazi kijiko.

Na kwenye ubao kulikuwa na vipande kumi na viwili vya sukari ndani ya vikalibu vya Philomene vyenye umbo la jani. Naomba ulielewe hili vizuri. Kuchemsha maji ya mti ni kazi ya yeyote mwenye subira. Kusonga sukari ni kipaji cha mkono. Ukitoa motoni mapema mno inabaki nta, ukichelewa inakuwa mchanga ulioungua, na Philomene hakutumia kipimo, alisikiliza sauti ya mwiko. Nilijaribu mara mbili nikiwa kijana nikaharibu sufuria mbili. Hajawahi kuniruhusu tena, wala sikuomba.

Jumapili, 29 Machi
Usingizi: saa nane.

Bernadine amekuja kambini baada ya kanisa. Yeye ni muuguzi katika zahanati yetu, mwanamke wa maneno machache, na huwa nahisi ananipima hata anaponiamkia. Alichukua kipande kimoja akakiweka ulimini.

"Umeitoa wapi hii, Baba?"

"Nimeikuta."

Alimtazama mjomba wake. Clement alivua kofia.

"Anamalizia sukari yake," alisema Clement kwa sauti ya chini. "Alikufa kabla ya msimu. Dada yangu hajawahi kuacha kazi katikati."

"Basi tusimsumbue," alisema Bernadine. "Tusiulize. Baba, na wewe usikeshe kumvizia, tafadhali."

"Nalala saa nane, mwanangu."

Waliweka tumbaku wote wawili, wakaondoka mapema kwa heshima. Nilibaki nimefurahi kuliko nilivyopata kufurahi tangu Philomene afariki Oktoba. Naomba radhi kwa kuliandika hilo katika Kwaresima.

Jumanne, 31 Machi
Usingizi: saa nane.

Magome ya miti yana nyuso. Hazina hasira. Mwanamume. Mwanamke. Mwanamke. Mwanamume.

Ijumaa, 3 Aprili
Usingizi: saa nane.

Kikombe tena.

Safari hii sikukaa kukitazama. Nilikigeuza kwa kishindo, nikasema kwa sauti katika jiko langu mwenyewe, "Philomene, mimi si mgonjwa." Miaka arobaini na sita sijawahi kumpandishia sauti. Kisha nilikaa nikasikiliza, na friji ikazima, na nyumba ikawa kimya kama bomba lenu kabla ya picha ya kwanza.

Barafu ya ghuba imegeuka kijivu. Magari hayapiti tena.

Jumapili ya Matawi, 5 Aprili
Usingizi: saa nane.

Daktari mheshimiwa, nina furaha kukuarifu kwamba nimeelewa mashine yako, na nitakuandikia barua kamili yenye michoro, kwani lozi na tawi la msonobari na mti wenyewe ni kitu kimoja, kinachopanda usiku na kushuka mchana, na ikiwa kila mti wa kijiji hiki utatobolewa kwa wakati mmoja basi povu lote litashuka kwa wakati mmoja na hapatakuwa na mtu wa kuchelewa kufika, si kwangu tu bali kwa wote wenye kengele, na nimeanza upande wa barabara ili watu waone, na padri amesema nilipendeza leo nilipoimba, ingawa nadhani sikupangiwa kuimba.

Clement alinisimamisha nje ya kanisa.

"Shemeji, nimepita barabarani. Nimeona ndoo imening'inia kwenye nguzo ya umeme."

"Imejaa?"

"Bado. Ukipata sukari humo nitafutie na ya nguzo ya simu, nasikia ndiyo tamu, ina maneno ya watu."

Tulicheka mpaka tukashikana mabega. Yeye aliacha kucheka kwanza. Alirekebisha kofia yangu kichwani kama mtu anavyomfanyia mtoto, akaenda zake.

Jumatano, 8 Aprili

Sijaandika muda wa kulala. Ulikuwa umekwisha kuandikwa.

Nilifungua ukurasa wa leo nikakuta tarehe, na chini yake, "Usingizi: saa nane." Nikafungua wa kesho. Tarehe, saa nane. Wa Ijumaa Kuu vilevile. Wino mmoja, mwandiko wangu, ule wa mviringo niliofundishwa. Nilirudi nyuma nikaona kwamba tangu tarehe kumi na tisa Machi ni wino huo huo na mkono huo huo, kama mtu aliyeketi mara moja akaandika wiki tatu za usingizi. Baada ya Ijumaa kurasa ni tupu.

Nimefuta wa leo.

Kisha nikaenda kwenye kisanduku cha dawa ambacho Bernadine hukijaza kila mwezi, chenye vyumba vya siku. Vidonge vya wiki tatu vimo. Daktari, naapa nilivimeza. Nakumbuka ladha yake ya chumvi na bati. Nakumbuka kila asubuhi mkono ukikisukuma kidonge mezani kando ya sahani yangu, na mimi nikisema asante.

Mkono huo si wangu.

Nilivaa koti niende kwa Bernadine. Nilifika hadi kwenye lango lake. Kupitia dirishani nilimwona anakanda mikate ya Pasaka, unga hadi kwenye viwiko, anazungumza na mtu kwa simu na kucheka, naye hucheka kwa nadra. Nikaona si vyema kumkatiza. Nitamwambia Jumatatu ya Pasaka, mikate ikishaliwa.

Ijumaa Kuu, 10 Aprili
Usingizi: saa nane.

Kikombe kimefudikizwa. Nimekitia mfukoni.

Kuna misa kisiwani. Naomba radhi kwa kutosubiri.

Jumanne, 14 Aprili
Usingizi: saa kumi na moja. Imeandikwa na Bernadine.

Naandika nikiwa chumba cha nyuma cha nyumba yake. Mikono ni mizito na mistari inapinda, ni kwa ajili ya dawa. Daktari wa zahanati amezungumza na wewe kwa simu, hivyo mengine unayajua. Nitaandika yale ambayo hayakupita kwenye simu.

Ijumaa Kuu hakuna misa. Ni siku pekee ya mwaka isiyo na misa. Hilo nililijua nikiwa na miaka saba, na nimelijua kila mwaka tangu hapo, na asubuhi ile sikulijua.

Barafu ilikuwa nyeusi, ina maji juu yake kiasi cha kifundo, na mawingu yalikuwa ndani ya maji hayo, hivyo nilitembea juu ya anga. Sikuogopa. Ulikuwa utulivu mkubwa. Yule kijana wenu alikuwa ananisomea sentensi yangu, kwa adabu ileile, kutoka upande wa kisiwa, na kila alipofika kwenye neno "niliporudi" aliianza upya. Nilidhani nikifika karibu zaidi nitamsikia akiimaliza kwa namna nyingine.

Ndipo ikagongwa sufuria. Mapigo matatu, kimya, mapigo matatu.

Iliniudhi. Naomba radhi, ndiyo kweli. Sikuwaza uzima wala kifo. Niliwaza kwamba kelele ile inamharibia kijana usomaji. Niligeuka nimkemee anayeipiga, na ufukweni alisimama Philomene katika koti lake la kahawia, mwiko mkononi. Sikuweza kuona hisia usoni pake kwa umbali ule. Mkono wangu mfukoni ulikuwa umeshika kikombe, na kidole gumba kikabonyeza kitako chake, kama nilivyofundishwa. Mwanamke. Nikabonyeza tena, na uso ukageuka taratibu ukawa wa mtu mwingine, mdogo zaidi, unaolia.

Alikuwa Bernadine. Alivaa koti la mama yake kwa sababu ndilo lililokuwa karibu na mlango wa kambi.

Clement alikuwa tayari juu ya barafu, amelala kifudifudi kwenye ngazi ya mbao, kamba kiunoni, anajisukuma kwa viwiko. Ana miaka sabini na minne.

"Urban," aliita.

Hajapata kuniita kwa jina tangu nimuoe dada yake. Nilishtuka kuliko ningeshtushwa na barafu.

"Urban, leo sina utani. Lala chini. Lala chini kama nilivyolala mimi, unyooshe mkono."

"Clement, kuna misa..."

"Hakuna misa. Dada yangu amekufa, mimi namlilia kila siku, na wewe unaumwa. Lala chini."

Nililala chini. Barafu ilitoa sauti ndefu iliyokimbia chini yangu hadi kisiwani na kurudi. Mkono wake ulikuwa wa moto.

Jumatano, 15 Aprili
Usingizi: saa kumi. Imeandikwa na Bernadine.

Leo asubuhi aliketi kando ya kitanda, bado amevaa sare ya zahanati.

"Uliijuaje sufuria?" nilimuuliza. "Mapigo matatu?"

"Baba, mimi nilikuwa mabegani mwako. Ulidhani nimelala?"

Nilitaka kuketi; alinirudisha kwenye mto kwa kiganja.

"Nilishika masikio yako kwa sababu yalikuwa ya moto. Nilimwona Mama amekuwa mdogo kabisa kule ufukweni. Nilifumba macho ili wewe usijue ninaogopa. Nimekuwa muuguzi kwa sababu gani, unafikiri?"

Miaka yote nimedhani ananipima kwa ukali. Alikuwa ameshika masikio yangu.

Kisha yeye ndiye aliyeomba radhi, na sijui kama kuna jambo nililostahili kidogo kuliko hilo.

"Dirisha langu linatazama kambi," alisema. "Nimeona moshi alfajiri siku kumi na tisa. Angekuwa ni baba wa mtu mwingine ningekimbia na mfuko wa dawa. Nikaweka tumbaku kizingitini, nikarudi kulala. Nilidhani ni Mama. Hapana, ngoja niseme sawasawa. Nilitaka awe Mama."

"Hata mimi, mwanangu."

Alinigeuza viganja. Katika cha kulia kuna mstari wa lengelenge kuukuu, jeusi, mahali mpini wa mwiko unapokaa. Sikuwa nimeliona. Ni mimi niliyekuwa nikiwasha moto ule. Ni mimi niliyekula sahani ile na kulaza kijiko.

"Na sukari?" niliuliza. "Bernadine, mimi siwezi kusonga sukari."

"Ulimtazama miaka arobaini na sita," alisema. Lakini hakulisema kama mtu aliyelimaliza, na wala hakunitazama.

Jumatatu, 20 Aprili
Usingizi: saa tisa.

Clement alikuja kunitembelea. Aliketi kwa adabu kubwa, akaulizia afya yangu, akaulizia chakula. Nilipata hofu.

"Shemeji," nilimwambia, "kama utaendelea kuniheshimu hivi nitarudi kwenye barafu."

"Afadhali," alisema, na uso wake ukalegea. "Ila safari hii chukua na ndoo yako ya nguzo ya umeme. Mafundi wamekuja, wameuliza ni ya nani. Nimewaambia ni ya padri."

Ijumaa, 24 Aprili
Usingizi: saa nane na nusu. Bernadine ameshuhudia.

Barafu imeondoka kwa upepo wa mchana mmoja. Ghuba ni ya bluu na hakuna alama yoyote pale nilipokuwa.

Jumatano, 29 Aprili
Usingizi: saa nane.

Miti imechipua na maji yake yamekuwa machungu. Tumeng'oa mirija, tumeosha ndoo. Nilifungua kamba ya tawi la msonobari. Limekauka, na upande wa chini lina sukari ngumu iliyoganda pale povu lilipoligusa, tabaka juu ya tabaka, mamia ya mara. Nimelileta nyumbani. Kipande kimoja cha sukari yenye umbo la jani kimebaki, na Bernadine amekifunga kwa ajili ya karamu ya Oktoba, mama yake atakapotimiza mwaka.

Nilimweleza habari za kikombe. Ni mara ya kwanza naisema kwa mdomo. Nilimwambia kwamba nadhani ni mimi niliyekuwa nikikifudikiza, kwamba huenda yule mnyamazishaji wako nyuma ya paji la uso alikuwa akifika, kwa kuchelewa, katika giza, na alijua ishara moja tu. Nilimwomba aichukue kazi hiyo.

"Kila nikikuona unapanda?"

"Kila ukiniona. Usiniulize kwanza. Ukiuliza nitakujibu vizuri mno."

"Na ukikigeuza?"

"Ficha viatu."

Alikubali. Sasa analala kwangu, katika chumba chake cha utotoni. Hivyo, Daktari, ukiniuliza tena swali lile, nitaweza kulijibu.

Jumapili, 3 Mei
Usingizi: saa sita.

Nimeamka kabla ya jua, nikiwa na furaha kidogo na mpango wa kupaka kambi rangi. Niliingia jikoni. Kikombe cha bluu kilikuwa mezani, kinywa chini.

Bernadine alitoka chumbani kwake akiwa bado na alama ya mto shavuni. Alikitazama kikombe, kisha akanitazama mimi. Nami nikaona kwamba alitaka kuniuliza lile lile nililotaka kumuuliza yeye.

Hakuna aliyeuliza. Nilimeza kidonge mbele yake, na yeye akainama akachukua viatu vyangu.